Kikombe Kilichooshwa Mara Mbili

Kikombe kilikuwa safi. Bubu alikisuuza mwenyewe kwa maji ya kisima, akakigeuza juani, hakuona hata alama ya kidole. Mwenye nyumba akakipokea, akasema, "Usisumbuke, mwanangu," akaingia nacho jikoni. Mlango haukufungwa vizuri. Bubu akamwona mama yule akiinamisha dumu la njano lililokuwa chini ya meza, akimimina maji kidogo, na kukiosha kikombe kilekile upya. Ndipo akatia chai.

Bubu hakusema kitu, na ndiyo maana akaitwa Bubu. Ulimi alikuwa nao, mzima kabisa, ila maneno yake tangu utotoni yalikuwa na tabia ya kufika kwenye meno, kuona watu, na kurudi. Jina alipewa na shemeji yake kwa utani. Utani ukazoeleka, na sasa hata wateja walimwita hivyo bila kucheka.

Shemeji mwenyewe alikuwa dobi. Saa ile alikuwa amechuchumaa kando ya kisima, amekunja mikono ya shati, anasugua kipande cha sabuni ndani ya karai.

"Mke wangu, njoo uone povu!"

Mkewe, ambaye ni dada yake Bubu, alikuja polepole, mkono kiunoni. Mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo hata kukaa ni kazi.

"Povu nimeliona. Nyumbani pia lipo."

"Lile la nyumbani ni povu? Lile linakufa kabla hujamaliza kola moja. Tazama hili, limesimama kama maziwa yanayotaka kumwagika. Mimi na maji tulioana kabla yako, usibishane nami."

"Basi hamia kisimani, ukalale na mke mkubwa."

Dalali aliyewaleta kuitazama nyumba hii inayouzwa akacheka kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe. Alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka, na tangu asubuhi alikuwa akitazama simu yake na kusema kuna mteja mwingine njiani. "Bosi anajua maji," akasema. "Mtu kama huyu humdanganyi."

Na kweli Dobi aliuliza. Aliuliza kama kisima hukauka kiangazi. Mama akasema hajapata kuona kikikauka. Akauliza kama maji yana kutu, kama hugeuza nguo nyeupe kuwa za njano. Mama akamwonyesha shuka zake kambani, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Akauliza kama yana chumvi.

"Sabuni imeshakujibu," mama akasema.

Dobi akaridhika. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kugawa nyumba ambayo bado si yake. Chumba kikubwa, mimi na wewe. Cha kati, meza ya pasi. Hiki kidogo, mtoto akikua, na kwa sasa tutatundika nguo za wateja wasiokuja kuchukua.

"Na Bubu?" mkewe akauliza.

"Bubu atajibanza popote. Huyu hana makuu."

Bubu alikuwa ndani ya kile chumba kidogo. Dirisha lake lilitazama kisima, na chini ya dirisha kulikuwa na rafu ya mbao iliyopigiliwa ukutani, labda ya mtoto wa shule wa zamani. Alifungua dirisha. Akalifunga. Akalifungua tena. Mle ndani mlinuka vumbi la mbao na hakuna kingine.

Njiani kurudi, wenzake wakizungumza habari za kamba za kuanikia, yeye aliwaza kikombe. Kwa nini mtu aoshe kikombe safi? Akajijibu kwamba labda ni usafi wa wazee. Halafu akakumbuka kwamba sahani za chini ya mti, zile za kuku, mama yule alizisuuza kwa maji ya kisima bila wasiwasi wowote.

* * *

Chumba walichopanga kilikuwa kimoja, na nusu yake ilikuwa meza ya pasi. Dobi na mkewe walilala upande wa dirisha. Bubu alilala chini ya meza, kichwa kikielekea kikapu cha nguo chafu, na mvuke wa mchana ulikuwa bado haujatoka kwenye mbao alipojilaza. Maji waliyanunua kwa mkokoteni. Siku mkokoteni usipokuja, hapakuwa na kazi; wateja walisimama mlangoni na kusema maneno ambayo mtu hamwambii hata mbwa wa jirani. Mwenye chumba naye alikuwa ametoa taarifa: mtoto akizaliwa, wahame. Hataki kelele.

Kwa hiyo nyumba ya kisima haikuwa anasa. Akiba yao yote ilikuwa inaingia pale, na hakukuwa na nyingine nyuma yake.

Aliyeleta neno la kupima maji ni mke. Kliniki, muuguzi alikuwa amemuuliza mtakunywa maji gani huko mnakohamia, naye akajibu kwa fahari, ya kisima chetu. Muuguzi akauliza kisima kimepimwa? Usinunue kisima kabla hakijapimwa, akamwambia, mtoto mchanga hana nguvu ya kupigana na maji mabaya.

"Kupimwa!" Dobi akaweka pasi kisigino chini. "Mimi? Nimefua mashuka ya hoteli, nimefua makoti ya madaktari, leo nikapimiwe maji na mtu ambaye hajawahi kukamua hata soksi?"

"Mtoto hatafuliwa kwa maji hayo tu. Atayanywa."

"Maji yanayong'arisha shuka yanaweza kumdhuru mtoto?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka tuulize anayejua."

Dobi akanung'unika siku mbili tatu, kisha akaenda. Maabara ya maji wakampa chupa ndogo yenye kifuniko kilichofungwa kwa utepe. Wakamwambia asiifungue mpaka afike kisimani, aijaze, aifunge, airudishe siku hiyohiyo. Alirudi nayo nyumbani kwanza, maana alikuwa amesahau kofia.

Bubu alikuwa anapiga pasi. Akamwona shemeji yake akiinua chupa kwenye mwanga.

"Hebu tazama. Kuna unga chini. Vumbi hili! Hii ndiyo wanaita safi?"

Dobi alikuwa na msimamo mmoja katika kazi yake: safi ya mtu mwingine si safi. Nguo iliyoletwa na mteja akisema ni ya kunyooshwa tu, aliitia kwenye beseni hata hivyo. Akakata utepe. Akachukua kopo la dawa yake ya kung'arisha nguo nyeupe, akamimina ndani ya chupa, akaitikisa, akaimwaga, akaisuuza kwa tone la maji lililobaki ndooni, basi. Siku hiyo mkokoteni haukuwa umekuja.

"Sasa hii ni chupa," akasema. "Shika, Bubu, unifungie."

Bubu akaifunga. Harufu ya dawa ikampanda puani. Hakujua kama ni vibaya. Alichokijua ni kile ambacho kila mtu wa nyumba ile alikijua: dawa ile haiondoki kwa urahisi. Iliwahi kugusa ukingo wa ndoo, na siku ya pili sketi nyekundu ya mteja ikatoka na doa jeupe, na Bubu ndiye aliyetukanwa. Akataka kusema, suuza tena. Neno likafika kwenye meno. Shemeji alikuwa ameshavaa kofia.

Majibu yalipotoka, Dobi aliyaleta ameyainua juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Maji hayana hata kijidudu kimoja. "Kimoja!" akasema, akamnyooshea mkewe kidole. "Nilisema nini? Muulize Bubu. Bubu, nilisema nini?"

Bubu akatabasamu, akapeleka pasi kwenye kola.

* * *

Siku ya kutoa arubuni walikaa barazani: Dobi na mkewe kwenye benchi, dalali kwenye kiti chenye mguu mbovu, mama mwenye nyumba kwenye kigoda. Bahasha ya pesa ilikuwa mapajani mwa Dobi, naye aliishika kwa mikono miwili kama kifaranga.

Bubu aliambiwa akasaidie chai. Akachota maji kisimani, akaosha vikombe vyote, akavipanga kwenye sinia. Halafu akasubiri, kwa sababu alitaka kuona. Mama akaja, akalichukua sinia, akaingia jikoni. Sauti ya dumu ikasikika likigugumia. Akaviosha vyote tena, kimoja kimoja.

Mama yule hakuwa mwovu. Goti lake lilikuwa limechoka na bintiye alikuwa anamwita akaishi naye. Alikuwa akiomba tu aulizwe swali moja lililobaki kuhusu kisima, ajibu, yaishe. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakuwa na nguvu ya kulianzisha mwenyewe.

Chai ikanywewa. Dalali akatoa karatasi za makubaliano, akamtolea Dobi kalamu. "Saini hapa, bosi, mkono uzoee. Yule mteja mwingine amepiga simu tena."

Hapo Bubu akasikia sauti, na ikamchukua muda kutambua ni yake.

"Mama, samahani. Mbona vikombe unaviosha mara mbili?"

Dobi akageuka kama aliyesikia kiti kikiongea.

"Bubu!" akasema. "Unamuuliza mtu mzima habari za vyombo vyake?"

"Kimya kingi," dalali akacheka, "leo kimeanza na vikombe!"

Lakini mama mwenye nyumba hakucheka. Aliweka sinia chini taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo kabla hajaomba.

"Kwa sababu maji ya kisima siyanywi," akasema. "Nafulia, nadekia, nawapa kuku. Ya kunywa nabeba kwenye dumu kutoka bomba la shule. Mvua kubwa ya mwaka ule, wajukuu wangu walikuja likizo wakaharisha wote, mmoja nusura tumpoteze. Tangu hapo hayajaingia kinywani mwangu wala kwenye kikombe cha mgeni."

Mke wa Dobi akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, kisha akakiweka mbali kidogo na tumbo, ijapokuwa chai ile ilikuwa ya maji ya dumu.

"Na hukusema?" Dobi akauliza. "Unatuuzia nyumba na hukusema?"

"Baba, uliniuliza yanakauka? Nikakujibu. Uliniuliza yana kutu? Nikakujibu. Uliniuliza kama nguo zitang'aa. Hukuniuliza hata mara moja kama nayanywa." Akatazama sakafu. "Nilipaswa kusema. Hilo nalijua."

"Jamani, jamani." Dalali akainua mikono. "Tunabishana nini? Maabara imeshapima! Maji safi. Bosi, toa yale majibu."

Dobi akayatoa, akamsomea mama kwa sauti, neno kwa neno. Mama akasikiliza kichwa kikiwa upande.

"Haya maji?" akauliza. "Ya kisima hiki?"

"Nilichota kwa mkono wangu."

"Hayana kitu?"

"Hata kimoja."

Mama akaanza kucheka, cheko la mtu asiyejua acheke au alie. "Basi mimi ni mjinga wa wajinga. Na goti hili! Miaka yote nabeba madumu, kumbe..." Akakitazama kisima, kisha kile kibanda cha choo cha zamani kilichobomoka nyuma ya jiko, juu kidogo ya mteremko. "Lakini wale watoto waliharisha. Hilo sikuliota."

Wote wakatazama alikotazama yeye. Hata dalali aliacha simu. Ilikuwa kama kitendawili kimetegwa na mteguaji hayupo: mtu asiyekunywa anasema maji ni mabaya, karatasi inasema ni mazuri, na wote wawili hawana sababu ya kudanganya.

"Chupa," Bubu akasema.

Dada yake akamgeukia. "Chupa gani, mdogo wangu?"

Bubu alikuwa anatazama vidole vyake. "Shemeji aliiosha. Nayo. Kama vikombe. Aliiosha kwa ile dawa. Na dawa ile haiondoki."

Dobi akafungua mdomo kusema kwamba chupa ilikuwa chafu, kwamba ilikuwa na unga, kwamba dobi hawezi kupeleka chombo kichafu mbele ya watu. Alifungua mdomo, na ile sketi nyekundu ikamjia machoni, na lile doa jeupe lisilotoka. Akaufunga.

Bahasha ikarudi mfukoni. Dalali akasema mteja mwingine hatangoja. Mke wa Dobi akamjibu, "Mwambie aje na kikombe chake."

* * *

Mpimaji maji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Dobi bila kumkatiza, jambo ambalo Dobi aliliona baya kuliko kutukanwa.

"Ule unga tuliuweka sisi," akasema. "Makusudi. Kazi yake ni kuzima dawa ya namna hiyo kama imo kwenye maji, isiendelee kuua vijidudu njiani. Wewe ukaumwaga, kisha ukatia dawa yenyewe. Vijidudu vikafa kabla havijanifikia."

"Nilitaka iwe safi."

"Ilikuwa safi sana." Akampa chupa nyingine. "Uliniletea chupa niipime, ndugu yangu. Kisima hukuniletea."

Safari hii aliyeishika chupa ni Bubu. Aliishika mapajani njia nzima, utepe haujakatwa, na Dobi akakaa mbali nayo kama mtu aliyekatazwa na daktari. Kisimani, Bubu alichota, akafunga, akairudisha. Shemeji yake alibeba mwavuli tu.

Majibu ya pili hayakumfurahisha mtu. Maji yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Mpimaji akaja mwenyewe kuangalia, akazunguka kisima, akapanda mpaka kile choo kilichobomoka, akashuka tena akihesabu hatua kimoyomoyo. Dobi akamfuata nyuma na swali lililokuwa likimwasha.

"Nikitia dawa kisimani? Kopo zima?"

"Leo yatakuwa mazuri. Mvua ijayo, choo kile kitaleta mengine. Kwanza shimo linyonywe na lifukiwe. Ukuta wa kisima uinuliwe, uzibwe nyufa, uwekwe mfuniko. Ndipo dawa, na kiasi nitakupimia mimi, siyo wewe. Kisha tunapima tena, na tena baada ya mvua. Mpaka hapo, kufulia ruhusa. Kunywa, hapana."

"Na baada ya hapo?" mkewe akauliza.

"Huenda yakawa mazuri. Siahidi. Kisima ni kama mtoto, hakiangaliwi siku moja ukamaliza."

Mama mwenye nyumba alisema atapunguza bei kiasi cha kazi hiyo yote, na kama wakikataa hatawalaumu. Yeyote atakayekuja baada yenu, akasema, nitamwambia kabla hajakaa.

* * *

Jioni, chumbani, kazi ilikuwa nyingi. Mkokoteni ulikuwa umekuja kwa kuchelewa na nguo za siku mbili zilikuwa zimerundikana. Dobi alinyoosha suruali ileile mara mbili bila kugundua. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni.

"Tuiache," Dobi akasema hatimaye. "Tutafute nyingine."

"Ipi? Mimba hii inangoja?"

"Sijui ipi. Nimechoka na ile. Kila nikikikumbuka kile kisima naona uso wa yule mama wa miwani." Akaiweka pasi chini. "Mtu mzima, nimefua maisha yangu yote. Nikaona povu, nikaona nimeshaona."

Mkewe hakumcheka, ingawa alikuwa na haki. "Mimi naiona bado nzuri," akasema. "Ubaya wake tunaujua. Hiki tunachokaa, tumewahi kujua maji ya mkokoteni yanatoka wapi?"

Dobi akalifikiria hilo. Hakuwa amewahi kuuliza. Akakitazama kile kipipa cha maji pembeni ya mlango kwa jicho jipya, kana kwamba kimeingia leo.

"Hata hivyo," akasema. "Hata Bubu hakuipenda nyumba ile. Ndiye aliyeifukua. Si kweli, Bubu? Ungeipenda ungenyamaza, tukasaini, mambo yakaisha."

Alisema bila ubaya, karibu kwa heshima. Bubu alikuwa amepiga magoti akitandika mkeka wake chini ya meza. Mbao juu ya kichwa chake zilikuwa bado za moto. Akaacha kutandika. Maneno yakaja, yakafika kwenye meno, yakawaona wale wawili, dada na shemeji, wakimtazama. Hayakurudi.

"Niliipenda kuliko nyinyi," akasema. "Kile chumba kidogo chenye dirisha la kisimani, kile chenye rafu. Msitundike nguo za watu mle. Nilikitaka kiwe changu."